Utitiri Mwekundu wa Nyabitembe

Vestina Kahangwa alifungiwa siku yake ya tatu kisiwani Nyabitembe, saa tano asubuhi, kweupe, watu wote wakitazama. Walimwingiza kwenye stoo ya nyavu, chumba cha mabati kisicho na dirisha, na Nicholaus, mwenyekiti wa mwalo wa wavuvi, akafunga kufuli kwa mkono wake mwenyewe kisha akalivuta mara mbili kuona kama limeshika.

"Yumo ndani," Vestina alimsikia akiwaambia waliokuwa nje. "Haendi popote. Rudini kwa wagonjwa wenu."

Hawakurudi upesi. Kokoto ziligonga bati, moja, mbili, kisha nyingi kwa pamoja, mpaka Nicholaus alipopaza sauti. Hapo Vestina akatambua kwamba kufuli lile lilimzuia yeye asitoke, na wao pia liliwazuia wasiingie. Hakujua kama alipaswa kushukuru au kulia. Akaketi juu ya rundo la nyavu. Chumba kilinuka dagaa na mafuta ya injini, na ingawa jua lilikuwa bado halijafika utosini, bati lilikuwa limeshaanza kupata moto.

Alikuwa mzaliwa wa Kitendaguro, Bukoba, mwanamke wa miaka thelathini na sita. Kwa miaka tisa alipima malaria na choo katika zahanati ndogo ya mtu binafsi, hadi mwenye zahanati alipofariki na wanawe wakageuza jengo kuwa duka la vifaa vya ujenzi. Akakaa nyumbani mwaka mzima akipalilia kibanja cha migomba na mama yake, Edvina. Ndipo zikaja habari za Profesa Mutembei, aliyekuwa akitafuta mtu mwenye jicho lililozoea darubini, wa kuzunguka Bukoba na Muleba akikusanya utitiri wa majini.

"Utitiri?" mama yake alishangaa. "Huu wa kuku?"

"Ndugu zake, mama. Wanaishi majini. Ni ukoo mmoja na kupe na buibui."

"Na wewe utalipwa kwa kuokota kupe wa majini." Mama Edvina alitikisa kichwa, lakini asubuhi iliyofuata alimfungia ndizi za kuchoma za njiani.

Kazi ile ilimteka Vestina kuliko alivyotarajia. Kitu alichokuwa akikiona tangu utotoni kama chembe nyekundu ndani ya ndoo, kumbe kilikuwa na miguu minane, macho, na mdomo wa kuwinda. Tena hawakuwa aina moja. Kwenye vijito vyenye kokoto alikuta walio bapa, wenye kucha za kung'ang'ania mawe. Kwenye matete ya ziwa alikuta wa mviringo mithili ya punje ya mtama, miguu yao imejaa nywele ndefu za kuogelea. Wengine waliishi ndani ya kombe, wale wenye magamba mawili wanaojizika mchangani, wamejificha humo kwenye mashavu ya mwenyeji wao. Kuwatenganisha kulikuwa kazi ya subira: unamlaza mmoja chini ya darubini, unahesabu vikombe vidogo vilivyo kati ya miguu yake, unaangalia umbo la mikono yake ya mdomoni, kisha unaamua ni wa jamaa gani. Profesa alisema kwa Kagera orodha yao ilikuwa bado fupi sana, na kila chemchemi ilistahili kuangaliwa.

Ndiyo maana Jumatatu ile alishuka Nyabitembe kwa boti ya Damian, aliyeahidi kumrudia Jumamosi. Siku ya kwanza alipasua kombe ufukweni. Siku ya pili alipanda mlimani hadi kwenye chemchemi inayotoka chini ya jabali, nyuma ya makazi, akachekecha kokoto zake ndani ya sinia jeupe. Utitiri ulikuwa tele, mwekundu kama pilipili kichaa. Alivuta wachache kwa dropa, bomba dogo la kudondoshea dawa, akawatia kwenye vichupa, na waliobaki akawamimina walikotoka, kwa sababu hakupenda kumaliza kitu asichokihitaji.

Wanawake wawili walikuwa wakichota maji hatua chache kutoka pale. Aliwasalimia, wakaitikia. Hakuwaambia anafanya nini. Wao nao hawakumuuliza.

Jumatano alfajiri watu kumi na mmoja walikuwa wanaharisha na kutapika, na mmoja wa wale wanawake, Elina mwenye mgahawa, alikuwa akizunguka kambi hadi kambi na dumu mkononi, akimwonyesha kila mtu chembe mbili nyekundu zilizokuwa zikiogelea ndani yake. Mume wake alikuwa miongoni mwa wagonjwa.

Walimkuta Vestina akinywa chai. Nicholaus alimuuliza mbele ya watu wote, bila ukali:

"Dada, jana ulimwaga kitu kwenye chemchemi yetu au hukumwaga?"

Angeweza kusema ni maji tu. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alimwona Elina amesimama nyuma ya mwenyekiti, macho mekundu kwa kukesha, na akajua kwamba yule mwanamke ameona kwa macho yake, na uongo mmoja ungemmaliza.

"Nilirudisha," alisema. "Niliwatoa mle mle, nikachukua wachache, wengine nikawarudisha."

"Mmesikia," Elina alisema kwa sauti ndogo. "Amesema mwenyewe."

Sasa alikuwa kwenye stoo, na kila alipoirudia ile sentensi akilini aliiona haina tundu la kupitia. Ilikuwa kweli tupu, na ndiyo iliyomfunga.

Mchana bati liliwaka. Alivua kitenge cha kiunoni akajifunika kichwa, akalala chini karibu na mlango, penye upenyo wa kidole kimoja, avute hewa. Kupitia pale aliona kipande cha mchanga, mguu wa kichanja cha dagaa, na miguu ya watu wakipita haraka wakiwa na ndoo. Simu yake ilikuwa kwa Nicholaus. Alijaribu kuhesabu saa zilizobaki hadi Jumamosi, akaacha.

Jioni kufuli lilifunguliwa kidogo. Skolastika, mwanamke mnene wa makamo aliyeanika dagaa upande wa juu wa makazi, aliingia na ugali na kikombe cha maji. Kijana mmoja alisimama mlangoni na fimbo.

"Kula, dada. Mwenyekiti amesema ule."

"Maji haya ya wapi?"

"Ya ziwani. Chemchemi imefungwa. Wameweka miiba, na vijana wanalinda."

Vestina alikiweka kikombe chini. "Mama, wanaoumwa ni wa wapi?"

"Wa makambi ya chini, karibu na gati."

"Wao huchota wapi?"

Skolastika alifikiri. "Gatini hapo hapo. Nani atapanda mlima na dumu wakati ziwa liko miguuni?"

"Na nyinyi wa juu, mnaochota chemchemi, mmeugua wangapi?"

Mwanamke yule alifungua mdomo, akaanza kuhesabu kwa vidole, akaishia kwenye vidole viwili. "Mwanangu Peti, na mume wa Elina. Lakini wote wawili hushinda makambi ya chini." Akashusha mkono. Kisha akasema polepole, "Mvua ya wiki iliyopita ilibomoa vyoo vya chini. Kila kitu kiliteremka ziwani."

"Mwambie mwenyekiti. Na maji ya kunywa yachemshwe, ya ziwani na ya chemchemi, yote."

"Mimi nikamwambie?" Skolastika alimtazama yule kijana wa mlangoni. "Watasema umenilisha dawa."

Lakini alikwenda. Vestina alijua kwa sababu muda mfupi baadaye alisikia mabishano nje ya stoo, na katikati yake sauti ya mzee, kavu, isiyo na haraka. Huyo alikuwa Shilogile, fundi mitumbwi, mtu wa Usukumani aliyehamia kisiwani kabla ya wengi wao.

"Miaka kumi na tisa nakunywa maji yale," alikuwa akisema. "Vidudu vyekundu nilivikuta. Nilipofika nilidhani ni kutu. Leo mnasema vimeletwa juzi?"

"Mzee, wewe macho yako hayaoni hata msumari," mtu mmoja alisema, na watu wakacheka.

"Msumari nauona. Ninyi ndio hamwoni."

Alipoondoka alipita karibu na mlango, akainama. Vestina aliona ndevu nyeupe na mkono wenye lami.

"Binti, u mzima?"

"Ni mzima, mzee. Joto tu."

"Vumilia. Watu wakiogopa huwa kama ng'ombe kwenye matope, ukimvuta kwa nguvu anazidi kuzama." Akaenda zake.

Usiku ule hakulala. Walioumwa walisikika, na waliowauguza pia.

Asubuhi ya Alhamisi wagonjwa walifika ishirini na sita, na sasa wa upande wa juu walikuwemo. Nicholaus alikuja mwenyewe. Aliufunga mlango nyuma yake, akaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Hakuwa amelala pia.

"Nimepiga simu Muleba," alisema. "Boti ya tabibu itakuja upepo ukitulia. Lakini watu wangu wanataka jambo moja leo. Wanataka nikukabidhi kwao."

Vestina aliinuka kutoka kwenye nyavu.

"Mwenyekiti, vifaa vyangu viko wapi?"

"Kwangu."

"Niletee kimoja tu, lenzi ndogo nyeusi. Na vichupa viwili, kilichoandikwa 'kombe' na kilichoandikwa 'chemchemi'. Kisha umtume mtu unayemwamini chemchemini, akamate kereng'ende watatu au wanne. Wakamatwe kwa mbawa, wasiminywe tumbo."

"Kereng'ende?"

"Wataruka juu ya maji pale. Kama nasema uongo, utakuwa umepoteza nusu saa."

Nicholaus akatoka. Kufuli likalia tena. Nusu saa ile ilikuwa ndefu kuliko usiku wote. Vestina alisimama, akaketi, akasimama. Alikuwa amewahi kuona kitu hicho kwenye vijito vya bara, lakini hapa kisiwani hakuwa amekitafuta. Huenda kereng'ende wangekuja watupu.

Nicholaus alirudi na Skolastika, aliyeshika mfuko wa nailoni wenye mbawa zikipapatika. Vestina alimtoa wa kwanza, akamgeuza chini ya lenzi. Hakuna kitu. Wa pili naye hakuna. Wa tatu alikuwa na shanga ndogo nyekundu saba chini ya kifua, zimejipanga kwenye mikunjo ya ngozi.

"Tazama hapa," alimpa mwenyekiti lenzi. "Isogeze karibu na jicho, siyo karibu na mdudu. Unaona nini?"

"Kama mayai."

"Ni watoto wa utitiri. Wakianguliwa wana miguu sita, hawana minane. Humpanda kereng'ende, wakamnyonya, wakavimba hivyo, kisha wakashuka majini kuwa wakubwa. Hawavimbi hivi kwa siku tatu, mwenyekiti. Mimi nilifika Jumatatu. Hawa walikuwa wameshapanda kabla sijaiona boti ya Damian."

Nicholaus aliendelea kutazama. Skolastika alimwinamia begani.

"Sasa vichupa. Huyu ni wa ziwani, niliyemtoa ndani ya kombe. Huyu ni wa chemchemi. Angalia miguu. Wa chemchemi hana nywele za kuogelea, ana kucha za kushika mawe. Ningekuwa nimewatoa ziwani, nisingepata watembezi wasiojua kuogelea kama hawa. Nilichomwaga kilikuwa chenu."

"Lakini Elina aliwaona wanaogelea ndani ya dumu."

"Walikuwa wanatapatapa. Ukimtupa mtu ziwani na hajui kuogelea, si atarusha mikono?"

Mwenyekiti alishusha lenzi. "Kwa hiyo chemchemi ni salama?"

Swali lile lilikuwa mlango. Angesema ndiyo, huenda angetoka. Vestina aliinua uso.

"Siwezi kukuapia. Hawa hupenda maji masafi, lakini vijidudu vya kuharisha havionekani kwa lenzi hii. Ninachojua ni kwamba hawaleti kuhara, na kwamba waliougua kwanza walikunywa maji ya gatini. Tangu mfunge mlima, watu wote wanakunywa ya gatini."

Nicholaus aligeukia mlango. Nje mtu aliita jina lake.

"Mimi nakuelewa," alisema. "Lakini nikitoka na wewe sasa hivi na kereng'ende mkononi, watatupiga wote wawili. Utakaa humu mpaka tabibu aje."

"Na chemchemi?"

"Nitatangaza wachemshe. Kuondoa miiba bado siwezi."

Akafunga. Safari hii hakulivuta lile kufuli, lakini lilishika vile vile. Vestina aliegemea bati akalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira. Alikuwa ameeleza yote aliyoyajua, yakaeleweka, na bado yuko ndani. Aliwakumbuka wale utitiri wa kombe. Hao nao huishi wamefungiwa, lakini kombe hufunguka ili apumue.

Jioni Skolastika alileta maji yaliyochemshwa, yangali na harufu ya moshi. Aliketi pale pale mlangoni, kijana wa fimbo asijali tena.

"Mzee Shilogile amelala," alisema.

"Amelala vipi?"

"Mchana wa jana alipanda na dumu lake kama kawaida yake, vijana wakamrudisha. Akachota gatini. Alikuwa anapiga randa mtumbwi, jua kali, akanywa pale pale. Leo hawezi kusimama."

Vestina alishika kitasa cha mlango kwa ndani, kana kwamba kingemsikiliza. "Mpeni maji yenye chumvi na sukari. Lita moja iliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Anywe kidogo kidogo, asiache. Mama, nenda sasa hivi."

Skolastika alikwenda. Usiku kucha Vestina aliita kila aliyepita, akiuliza habari za mzee, na walio wengi hawakujibu. Mmoja alisema bado anakunywa. Kulipopambazuka upepo ulikuwa umetulia, na ziwa likaanza kupiga ufukwe taratibu kama mtu anayekunja nguo.

Boti ya tabibu ilifika saa nne. Ishengoma, mtu mfupi mwenye buti za mpira, alishuka na masanduku ya dripu na dawa ya kutibu maji. Kabla hajamaliza kukagua gati alikuwa ameshasema kwa sauti neno ambalo kila mtu alikuwa akiliogopa: kipindupindu. Akauliza maji wanachota wapi. Akauliza miiba ile mlimani ni ya nini. Nicholaus akamweleza, na ndipo Ishengoma akageuka kuitazama stoo.

Mlango ulipofunguliwa, mwanga ulimpiga Vestina usoni akashindwa kuona. Hakuna aliyeomba radhi, hakuna aliyerusha kokoto. Nicholaus alimkabidhi simu, lenzi na begi. Vichupa vilikuwa tisa. Alikuja na thelathini na viwili. Vingine vilikuwa vimetupwa motoni Jumatano, mwenyekiti alisema bila kumtazama.

"Mzee Shilogile yuko wapi?" Vestina aliuliza.

Skolastika alimshika mkono, akamwongoza hadi kwenye kibanda kando ya mtumbwi usiokamilika. Walikuwa wameshamfunika shuka. Alikata roho alfajiri, dripu zikiwa bado njiani. Kati ya waliougua kisiwani pale ndiye peke yake aliyekufa, na ndiye peke yake aliyesimama mbele ya watu kumtetea Vestina.

Vestina alibaki hadi mazishi, ingawa Ishengoma alimwambia aondoke na boti yake. Alisimama nyuma ya wanawake wote. Jumamosi Damian alikuja kama alivyoahidi.

Nyumbani Kitendaguro hakueleza mengi. Mama Edvina aliona tu kwamba binti yake halali mlango ukiwa umefungwa, akaanza kulala naye sebuleni bila kuuliza. Vile vichupa tisa vilikwenda kwa Profesa. Baada ya miezi miwili akampigia simu: yule wa chemchemi hakufanana na yeyote katika vitabu alivyonavyo, huenda ni aina isiyoandikwa, lakini kwa vielelezo vitatu vilivyosalia huwezi kuamua. Walihitajika wengine, hasa madume.

"Nimtume mtu mwingine?" Profesa aliuliza. Alijua yaliyotokea.

Vestina alisema atafikiri. Alifikiri wiki tatu. Siku nyingine aliamka ameamua kwenda, na hadi jioni alikuwa ameamua kukaa. Mwishowe alimpigia Skolastika, wakapatana kwamba atafikia kwake, na kwamba nyumba haitafungwa kwa kufuli.

Alirudi Nyabitembe mwezi wa nane, kiangazi. Mabomba mawili ya plastiki yalikuwa yakishusha maji ya chemchemi hadi makambi ya chini. Watu walimsalimia kwa adabu iliyozidi kiasi. Asubuhi ya pili alipanda mlimani na sinia lake, akapiga magoti kwenye kokoto zile zile. Akasikia nyayo nyuma yake. Alikuwa Elina, na dumu.

Mume wake alipona, Vestina alishaambiwa. Elina aliweka dumu chini, lakini hakuchota. Alisimama kando kwa muda, akitazama vile vyekundu vikitambaa juu ya weupe wa sinia.

"Siku ile ulitusalimia," alisema. "Kisha ukatupa mgongo, ukamwaga."

"Ndiyo."

"Hukusema kitu."

Vestina alitaka kujibu kwamba hata wao hawakuuliza. Akalitazama dumu, na mikono ya yule mwanamke iliyoungua kwa miaka ya kupikia watu, na jibu lile likamwishia.

"Sikusema," alikubali.

"Ungesema. Tungekubishia, tungecheka, lakini tungejua." Elina akachuchumaa upande wa pili wa sinia. "Na mimi ningekuuliza. Mzee angekuwa hai."

Maji yaliendelea kutoka chini ya jabali. Vestina alilisogeza sinia katikati yao, akachukua dropa, na kwa sauti yenye mashaka ya mtu asiyezoea kufundisha, akaanza kumweleza alichokuwa akikitafuta.